Tanganyika, Zanzibar, Tanzania: Asili ya Majina na Tafsiri Tulizoyapa

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wapenzi wa Kiswahili, Mwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kuja kukaa nasi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma: mwadila.

Nimeombwa nizungumzie asili ya jina la nchi yetu. Wengi wenu bila shaka mnatarajia nianze na mwaka 1964, lakini naomba nianze na mwaka 1920, kwa kuwa hapo ndipo jina la kwanza lililoikusanya nchi hii yote ya bara lilipopatikana, na namna lilivyopatikana inafundisha mengi kuhusu majina ya nchi kwa jumla. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita. Eneo lililokuwa likiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani lilikuwa limekabidhiwa kwa Waingereza walitawale kwa dhamana, na jina la zamani lisingeweza kubaki. Maofisa wa Wizara ya Makoloni mjini London wakaanza kupendekezana majina. Mmoja alitaka Smutsland, kwa heshima ya Jenerali Jan Smuts aliyeongoza majeshi ya Uingereza katika vita vya huku. Yalitajwa pia New Maryland na Windsorland. Na lilitajwa, ndugu zangu wa Mwanza, jina la Victoria.

Waziri wao hakuridhika. Alitaka jina la kienyeji ambalo tayari watu walilihusisha na nchi hiyo. Kilimanjaro likapendekezwa na kuachwa, Tabora nalo likapendekezwa na kuachwa, hatimaye ofisa mmoja akasema Tanganyika, na ndilo lililokubaliwa. Mwaka huohuo wa 1920 jirani zetu wa kaskazini walipoteza jina la Himaya ya Afrika Mashariki na kuitwa Koloni la Kenya, kutokana na mlima ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, na ambao jina lake mmisionari Krapf alikwisha kuliandika Kenia tangu mwaka 1849. Nchi mbili zilibatizwa mwaka mmoja, moja kwa jina la ziwa na nyingine kwa jina la mlima, na mkulima wa Magu au mvuvi wa Lindi hakuulizwa lolote. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyejiita Mtanganyika. Hata hivyo, tarehe 7 Julai 1954 chama cha kudai uhuru kilipoundwa, waanzilishi wake waliliweka jina hilo mbele kabisa ya jina la chama, kana kwamba walirithi kutoka kwa babu zao. Miaka 34 ilikuwa imetosha.

Sasa, ziwa lenyewe lilipewa jina hilo na nani, na lina maana gani?

Tafsiri ambayo karibu kila mmoja wetu aliipata shuleni ni ile ya tanga na nyika: tanga la jahazi linaloonekana nyikani. Nakiri ni tafsiri tamu. Inatupa picha, na maneno yote mawili ni ya Kiswahili tunachokijua. Wala sarufi haiipingi moja kwa moja, maana Kiswahili kinaweza kuunganisha nomino mbili bila kiunganishi, kama tunavyosema batamzinga au mwanamaji. Lakini asili ya jina haithibitishwi kwa utamu. Inatafutwa kwa maandishi ya awali, kwa jiografia na kwa kanuni za sauti. Tukianza na jiografia peke yake, mashaka yanajitokeza. Kwa watu wa pwani, nyika ni ile nchi kame ya vichaka iliyo nyuma ya mwambao, ndiyo maana Wamijikenda zamani waliitwa Wanyika. Ujiji, mahali ambapo misafara ilikutana na ziwa, ni nchi ya mvua, migazi na milima inayoshuka hadi majini, na msafiri aliyefika huko alikuwa ameiacha nyika nyuma yake kwa mwendo wa miezi.

Maandishi ya awali nayo yanasema jambo jingine. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na Burton, ambaye pamoja na kasoro zake nyingi alikuwa na sikio la lugha, aliandika kwamba jina hilo linatokana na kitenzi kutanganyika, yaani kukutana au kuungana, kwa maana ya mahali maji yanapokutana. Akaongeza kwamba katika Kiswahili cha Unguja sauti t ya neno hilo hugeuka ch, ikawa kuchanganyika, na kwamba huenda hiyo ndiyo sababu Cooley, mwanajiografia aliyeandika habari za maziwa haya akiwa London kabla ya safari yao, alilitaja ziwa hilo kwa jina la Zanganyika.

Naomba tutue hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye ushahidi. Mabadiliko ya t na ch aliyoyataja Burton hayakuwa dhana yake ya njiani. Ni kanuni inayojulikana vizuri kwa yeyote aliyewahi kusoma mashairi ya Mombasa. Msemaji wa Kimvita husema mtele, sisi tunasema mchele. Husema mtanga, sisi tunasema mchanga. Husema kuteka, na msikilizaji wa huku anaweza kudhani anazungumzia maji ya kisimani, kumbe anazungumzia kucheka. Vivyo hivyo husema kutanganya pale tunaposema kuchanganya. Kwa hiyo Tanganyika ya Burton si neno lililotungwa ili kufanana na jina la ziwa. Ni umbo halisi la kitenzi chetu wenyewe katika lahaja nyingine. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo kuchanganyika ndiko kulikoingia katika vitabu vya shule. Laiti Kimvita ndicho kingeteuliwa, mtoto wa darasa la nne angeona uhusiano huu bila kuambiwa na mtu.

Maana hiyo inakubaliana pia na mahali. Ziwa Tanganyika hupokea Malagarasi kutoka mashariki na Ruzizi kutoka kaskazini, na kumwaga maji yake magharibi kwa mto Lukuga. Tena Kiswahili hakioni tabu kuifanya shughuli ya watu kuwa jina la mahali: wakazi wa Dar es Salaam wanaijua Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu. Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871 na tena mwaka 1876, alipendelea maelezo mengine, kwamba ni ziwa kubwa lililotanda kama uwanda, na humo ndimo neno la uwanda, nika, lilipoanza kuhusishwa na sehemu ya mwisho ya jina. Nadhani tafsiri yetu ya shuleni ni mjukuu wa maelezo hayo. Mimi, nikipima yote, nasimama upande wa kukutana kwa maji. Anayependa tanga lake aendelee kulitweka, ila asilifundishe darasani kama jambo lililothibitishwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni nani aliyelitamka jina hilo masikioni mwa wageni. Burton na Speke hawakuwa peke yao njiani. Waliongozwa na watu waliozungumza Kiswahili, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani India na kurudi. Huko Kazeh, ambako leo ni Tabora, Burton alisaidiwa katika mambo ya lugha na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Majina mengi ya ramani ya Afrika Mashariki yalipita kwanza katika vinywa vya watu wa misafara, na yalipopita humo yalivaa nguo ya Kiswahili.

Nguo hiyo inaonekana wazi katika kiambishi u-. Waganda wenyewe huiita nchi yao Buganda. Waswahili, ambao kwao kiambishi cha nchi ni u-, waliita Uganda, na hilo la Waswahili ndilo lililoandikwa katika mikataba hadi likawa jina la nchi nzima, huku Buganda likibaki kuwa jina la ufalme mmoja ndani yake. Warundi nao waliandikwa Urundi, mkasikia Ruanda-Urundi katika historia, lakini walipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 walirudisha b yao, nchi ikawa Burundi. Na sisi hapa? Msukuma akizungumza kwa lugha yake husema Busukuma. Kwenye ramani na katika sentensi zetu za Kiswahili ni Usukuma. Jina lenyewe, kama wazee wanavyojua, maana yake ni kaskazini. Ni jina la mtu anayetutazama akiwa kusini, huko Unyamwezini. Mtu hajiiti wa kaskazini mpaka awepo jirani wa kumwambia hivyo.

Ziwa letu lina habari inayofanana. Speke alimwacha Burton Kazeh akiwa mgonjwa, akaja kaskazini na msafara mdogo, na mwanzoni mwa Agosti 1858 akasimama juu ya kilima hapa Mwanza, akayaona maji, akayapa jina la malkia wake. Maji hayo yalikuwa na majina ya kutosha. Waganda waliyaita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, wafanyabiashara wa pwani waliyaita Ukerewe kwa jina la kisiwa, na watu wa upande huu waliyaita Nyanza, yaani maji makubwa. Speke mwenyewe aliandika Victoria Nyanza, akiambatanisha jina lake na la wenyeji, na ni miaka ya baadaye ndiyo iliyoliangusha lile la pili. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii walipounda muungano wa vyama vyao vya ushirika, waliuita kwa jina la Victoria. Baada ya uhuru ukaitwa Nyanza, na wazee waliopo hapa waliuzia pamba chini ya majina yote mawili.

Neno hilo nyanza lina ndugu wengi. Kwa Wachewa ni nyanja. Kwa Wayao ni nyasa, na kwa sababu hiyo anayesema Ziwa Nyasa amesema ziwa mara mbili, kosa ambalo Livingstone alilianzisha mwaka 1859 na ambalo hakuna haja ya kulirekebisha sasa. Wamalawi waliishi chini ya jina la Nyasaland, nchi ya ziwa, hadi mwaka 1964. Katika Kiswahili cha leo tunasema nyanja za elimu, nyanja za uchumi, tukiwa na maana ya eneo pana, na ni wachache wanaokumbuka kwamba kamusi bado zinatoa pia maana ya maji mapana. Kuhusu Mwanza, wenyeji husema Ng'wanza na hulihusisha jina hilo na nyanza. Nawaomba tu tuachane na ile hadithi kwamba Wajerumani walisikia vibaya wakaharibu jina. Wajerumani waliandika Muansa, ni kweli, kwa tahajia yao. Lakini Speke alikwisha kuandika Muanza mwaka 1858, wakati hapakuwa na ofisa wa Kijerumani mahali popote katika nchi hii.

Mtaona kwamba nchi nyingi za Afrika zimeitwa kwa majina ya maji: Zambia kwa Zambezi, Nigeria na Niger kwa mto Niger, Gambia na Senegal kwa mito yao, Chad kwa ziwa ambalo jina lake katika Kikanuri lina maana ya ziwa tu. Ramani za wageni zilianza na maji, kwa kuwa ndiyo njia waliyopitia au waliyoitafuta, na nchi kavu ikaja kujazwa baadaye.

Zanzibar ni habari tofauti, na ni ya zamani zaidi. Waajemi walikuwa na neno zang, lenye maana ya watu weusi, na neno bar, lenye maana ya pwani, ambalo pia linasikika katika Malabar, pwani ya kusini magharibi ya India. Zangbar ilikuwa pwani ya watu weusi. Waarabu walilitamka neno la kwanza Zanj, na mwanajiografia al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii katika karne ya 10, aliandika habari za nchi ya Zanj akiwa na maana ya mwambao mrefu wa Afrika Mashariki, kisiwa kimoja kikiwa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo jina lilikuwa pana, kisha likafinyaa hadi likabaki visiwani. Tanganyika lilienda njia ya kinyume: lilikuwa la maji ya upande mmoja wa bara, likatambaa nchi kavu hadi likafika Mtwara. Majina haya mawili yaliyokuja kuungana yalikuwa yametoka pande zinazopingana hata katika ukuaji wao.

Hapa pia tafsiri tamu hazikosekani. Wapo wanaosema Zanzibar limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana kwamba nchi hii ni nzuri. Wapo wanaolitoa katika zanjabil, tangawizi, kwa sababu visiwa vinajulikana kwa viungo. Lakini zanjabil ni neno lililoingia Uarabuni likitokea lugha za India na halina uhusiano na pwani yetu. Jambo moja linalohitaji uangalifu wa walimu ni neno bara. Bara letu limetokana na Kiarabu barr, nchi kavu, na mtu akilisikia ndani ya Zanzibar anaweza kudhani ni neno lilelile. Yanafanana kwa sauti, lakini bar ya Zanzibar ni ya Kiajemi na inaelekea upande wa bahari. Ingekuwa kichekesho kizuri kama Zanzibar ingekuwa na Bara ndani yake, lakini haina.

Na ikumbukwe kwamba hilo halikuwa jina ambalo wenye kisiwa walikiita. Wao husema Unguja, na umbo la kale la jina hilo, Lanjuya, lipo katika kitabu cha Yaqut wa karne ya 13, pamoja na Tumbatu. Simulizi ya ungu lililojaa, ungu jaa, inapendwa sana na watoto, na iachwe kwao.

Nafika sasa mwaka 1964. Tarehe 26 Aprili nchi mbili ziliungana, na kwa takriban miezi sita taifa lilikuwa na jina refu la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania likachukua nafasi yake tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Siku tano kabla yake, Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa imepata uhuru na kuitwa Zambia, na miezi michache kabla Nyasaland ilikuwa imekuwa Malawi. Ulikuwa mwaka wa majina mapya katika upande wetu wa Afrika.

Muundo wa jina hili unaeleweka: herufi tatu za kwanza za Tanganyika, herufi tatu za kwanza za Zanzibar, kisha -ia. Mwisho huo ni wa Kilatini na Kigiriki, tunaousikia katika Ethiopia, Nubia, Zambia na nchi nyingine nyingi. Wapo wanaotaka kuuona kama mabaki ya Azania, jina la pwani hii katika kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, na sauti zinashawishi kweli. Lakini maelezo rahisi yanatosha, wala hayahitaji kwenda mbali kiasi hicho. Ninalotaka mlione kama wanafunzi wa lugha ni kwamba kisu kilipita katikati ya maneno. Mzizi wa kutanganyika umekatwa kabla ya g yake. Zang ya Kiajemi nayo imepoteza g yake. Vipande vilivyobaki, Tan na Zan, havibebi tena maana ya maneno vilikotoka. Kwa sababu hiyo, mtu akiuliza Tanzania maana yake nini, jibu la kitaalamu ni kwamba jina hilo lina historia, halina tafsiri. Najua jibu hilo haliridhishi mbele ya mgeni rasmi.

Kiswahili hakikusubiri tafsiri ili kulitia jina hilo kazini. Kililiweka katika ngeli yake, kikatoa Mtanzania, Watanzania, na Utanzania kama hali ya kuwa raia na kama fikra. Tazameni tofauti na Mzanzibari. Huyu ana alama mbili za kumtambulisha, m- ya Kibantu mbele na -i ya Kiarabu nyuma, kwa kuwa neno lake lilipita Uarabuni kabla ya kufika kwetu. Mtanzania ana moja tu, kama Mtanganyika aliyemtangulia. Mwanafunzi akiandika Mtanzanii, kama nilivyowahi kuona katika daftari, amefuata kanuni ya jirani, asichapwe, aelezwe.

Limebaki la matamshi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na jina hili lina silabi nne: ta-nza-ni-a, mkazo ukiangukia kwenye ni, kama katika maneno njia na tumia. Watangazaji wa redio wa zamani walilitamka hivyo bila kufundishwa. Siku hizi nawasikia vijana wakikaza nza, kwa lafudhi ya filamu na ya viwanja vya ndege, wakiliharakisha hadi silabi mbili za mwisho zinakuwa moja. Walimu mnaofundisha madarasa ya chini mnaweza kulirekebisha hilo kwa dakika chache, kwa kuwapigisha watoto makofi katika kila silabi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.